Upasuaji wa Diski za Mgongo: Nani Anauhitaji na Matokeo Yake

Maumivu ya mgongo ni miongoni mwa sababu zinazowafikisha wananchi wengi katika vituo vya kutolea huduma za afya. Wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, shughuli za kila siku kama kulima kwa jembe la mkono, kuhudumia mashamba ya zabibu na kubeba maji na kuni humlazimu mtu kuinama na kunyanyua mizigo kwa muda mrefu. Hata hivyo, si kila mgongo unaouma una diski iliyoharibika, na si kila diski iliyoharibika inahitaji upasuaji.

Diski ni nini

Uti wa mgongo umeundwa kwa pingili, na baina ya pingili nyingi, kuanzia shingoni hadi kiunoni, kuna diski. Binadamu ana diski 23. Kila moja ina ukuta mgumu wa nyuzinyuzi kwa nje na ute mzito kwa ndani. Kazi yake ni kupunguza mtikisiko na kuuwezesha mgongo kupinda.

Umri, kazi nzito, unene uliozidi na uvutaji wa sigara huudhoofisha ukuta huo. Ukipasuka, ute hujitokeza na kugandamiza mshipa wa fahamu. Kwa upande wa kiuno, tatizo hili hutokea zaidi katika diski mbili za chini kabisa. Ndiyo maana mgonjwa huhisi maumivu yakishuka kutoka kwenye tako, nyuma ya paja hadi unyayoni, yakiambatana na ganzi au udhaifu wa mguu.

Matibabu huanza bila upasuaji

Wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa za maumivu, mazoezi tiba na kuendelea na shughuli nyepesi. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii, bali hudhoofisha misuli. Mara nyingi mwili wenyewe hufyonza sehemu ya ute uliotoka.

Upasuaji hufikiriwa pale maumivu ya mguu yanapoendelea kuwa makali baada ya kipindi hicho, au udhaifu wa mguu unapoongezeka, na kipimo cha MRI kikathibitisha kuwa diski inagandamiza mshipa unaohusika na dalili hizo. Picha peke yake haitoshi, kwa kuwa hata watu wasio na maumivu huweza kuonekana na diski zilizojitokeza.

Upasuaji na matokeo yake

Mwaka 1934, madaktari William Mixter na Joseph Barr wa Marekani walichapisha taarifa iliyoonesha kuwa diski iliyopasuka husababisha maumivu ya mguu na kwamba yanatibika kwa upasuaji. Siku hizi daktari hupasua sehemu ndogo mgongoni na kuondoa kipande kinachogandamiza mshipa, mgonjwa akiwa chini ya dawa ya usingizi. Diski yote haiondolewi. Pale pingili zinapokuwa zimelegea, daktari anaweza kuziunganisha kwa vyuma, na huo ni upasuaji mkubwa zaidi.

Utafiti uliofanyika nchini Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2007 uliwahusisha wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu. Waliopangiwa upasuaji wa mapema walipona kwa wastani wa wiki 4, na waliopangiwa kusubiri kwa wiki 12. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 ya wagonjwa katika kila kundi walikuwa wamepona, ingawa asilimia 39 ya waliopangiwa kusubiri walilazimika kufanyiwa upasuaji. Hivyo, faida kubwa ya upasuaji ni kuharakisha nafuu ya mguu. Kwa maumivu ya mgongo pekee, matokeo yake hayana uhakika wa namna hiyo. Aidha, ganzi huweza kuchelewa kuondoka, maambukizi hutokea kwa wachache, na kwa baadhi diski hupasuka tena.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Mwananchi anatakiwa kufika hospitali siku hiyo hiyo akishindwa kukojoa au kuzuia haja, akipata ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, au miguu ikilegea ghafla. Hali hii huhitaji upasuaji wa dharura, na kuchelewa kunaweza kusababisha ulemavu wa kudumu. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito yachunguzwe pia, kwani huweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, ambacho tiba yake ni tofauti.

Utaratibu wa kupata huduma

Mgonjwa aanzie katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako atapewa rufaa inapobidi. Wilayani Chamwino ipo Hospitali ya Uhuru, iliyojengwa kwa fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya sherehe za Uhuru za mwaka 2018. Jijini Dodoma ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, inayotoa huduma za ubingwa bobezi. Katika ngazi ya Taifa ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 7 ya mwaka 1996.

Kabla ya kukubali upasuaji, mgonjwa ana haki ya kuelezwa ni mshipa upi unaogandamizwa, nafuu gani inatarajiwa, hatari zilizopo na gharama zitakazolipwa na bima yake.