Gede, Mji Uliofukuza Maji Ardhini

Mgeni wa magofu ya Gede, karibu na Malindi, hukimbilia jumba la mfalme. Ningemshauri aanze na kisima cha Msikiti Mkuu, maana pasipo hicho pasingekuwa na mfalme wala jumba.

Gede haina mto, na bahari iko kilomita kadhaa kutoka hapo. Mji umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, uliojaa vitundu. Mvua ikinyesha, maji huzama moja kwa moja. Kwenye mwamba wa namna hii maji baridi hutuama juu ya yale ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Yakitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Kwa hiyo mchimbaji alihitaji mkono wenye nguvu, na mtekaji alihitaji kiasi.

Mwamba huohuo ndio uliojenga mji. Mawe yake yalichongwa yakawa kuta, mengine yakachomwa juu ya magogo hadi yakawa chokaa. Msikitini, aliyekuja kuswali aliteka maji kwa kamba, akayamimina birikani, akatawadha, ndipo akaingia. Kazi ya fundi wa kisima ilikuwa sehemu ya ibada, nami naiheshimu kama ninavyoiheshimu ya aliyechonga kibla.

Kaburi moja hapo lina mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Karne iliyofuata Gede ilineemeka, na nyumba zake zikapambwa kwa vyombo kutoka Uchina. Mwanzoni mwa karne ya 17 ilikuwa imehamwa. Wengi hulaumu vita: Wazimba walioipitia pwani mwaka 1589, kisha Waoromo kutoka kaskazini. Sikatai. Lakini James Kirkman, aliyefukua magofu kati ya 1948 na 1958, aliona kwamba kisima cha nje ya Msikiti Mkuu kilikuwa kimechimbwa tena, chini zaidi ya kina chake cha awali, akahisi maji ya ardhini yalikuwa yakishuka.

UNESCO iliiingiza Gede katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, na waongozaji wageni wana nafasi nzuri ya kueleza habari ya kisima hicho. Watu waliomudu bakuli za Uchina hawakuweza kununua maji. Walichoweza ni kushuka tena kisimani na sururu, kuyafuata yalikokimbilia, na walifanya hivyo kabla ya kuhama.