Nanga Ukutani: Baa za Portsmouth na Visiwa Viwili vya Viungo

Mlango wa bandari ya Portsmouth, kusini mwa Uingereza, ni mwembamba mno. Chombo kikipita, kiwe kivuko kiendacho Isle of Wight au manowari ya kubebea ndege, mtu aliyeketi nje ya baa iitwayo Still & West huona kana kwamba angeweza kumpa mkono baharia aliyesimama ubavuni mwake. Mahali hapo ni ulimi mfupi wa ardhi uliosongamana nyumba, na ramani huuita Point. Wenyeji wameupa jina jingine, Spice Island, yaani Kisiwa cha Viungo, ingawa si kisiwa na wala hapaoti hata mche mmoja wa mdalasini. Jina hilo hunasibishwa na shehena za viungo zilizokuwa zikiteremshwa hapo, na baa ya jirani, Spice Island Inn, imelibeba kwenye kibao chake. Mpita njia wa Kiingereza hulisoma na kwenda zake. Msomaji aliyelelewa Unguja au Pemba, au aliyezaliwa Muscat na wazazi waliotoka huko, hana budi kusimama kidogo.

Baa hizi za pwani zina sura inayotambulikana mara mtu anapovuka kizingiti. Dari ni fupi na boriti zake ni nyeusi. Ukutani pametundikwa kengele ya shaba, gurudumu la usukani, vipande vya nyavu, taa nyekundu na ya kijani za ubavuni mwa meli, na picha za manowari zilizokwisha kuvunjwa zamani. Nanga, chombo kilichotengenezwa kizame kwenye matope na kushika, hapa imepakwa rangi na kuegemezwa mlangoni. Mara nyingi mwenye baa humweleza mgeni kwamba boriti zile zilitolewa katika meli ya vita iliyovunjwa. Wataalamu wa majengo ya kale wana shaka kubwa na maelezo ya namna hiyo, kwani miti mingi inayosemwa kuwa ya meli ilikatwa msituni kwa ajili ya nyumba na haikupata kuiona bahari. Si kwamba miti ya meli haikutumika kabisa. Duka mashuhuri la Liberty mjini London lilijengwa katika miaka ya 1920 kwa mbao za manowari mbili za Kiingereza, Impregnable na Hindustan. Lakini hadithi hupendwa kuliko hati, na mapambo mengi ya kibaharia yaliwekwa na makampuni ya bia katika karne ya 20, wakati mabaharia wenyewe walipokuwa wakipungua vitini. Bahari ilipoondoka kwenye maisha ya watu ndipo ilipopandishwa ukutani.

Hapo Point, hata hivyo, haikuwa lazima kubuni. Ulimi huu ulikuwa nje ya lango la ngome ya mji, na sheria iliyowabana wakazi wa ndani ililegea kwa wa nje. Baharia aliyeteremka baada ya miezi au miaka alipokea ujira wake, akavuka hatua chache, akaupoteza. Mchoraji Thomas Rowlandson alichora mahali hapo katika picha iliyotoka mwanzoni mwa karne ya 19, na humo mna kila kitu: wanawake wanaoaga na wanaokaribisha, mpiga fidla, mkopeshaji fedha dukani mwake, walevi waliolala chini, na nyuma yao msitu wa milingoti. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1925, mtunzi William Walton aliigeuza picha hiyo kuwa muziki wa okestra wenye jina lile lile, Portsmouth Point. Ni baa chache duniani zinazoweza kujivunia heshima hiyo, na hakuna hata moja iliyoistahili kwa adabu njema.

Bia na jeshi la majini vilikuwa kitu kimoja. Kwa karne kadhaa baharia wa Kiingereza alikuwa na haki ya galoni moja ya bia kwa siku, takriban lita 4. Sababu haikuwa ukarimu. Maji yaliyohifadhiwa kwenye mapipa ya mbao yalioza, na bia, kwa kuwa ilichemshwa na kutiwa maua machungu ya hopsi, ilidumu zaidi kidogo. Posho ya bia iliondolewa mwaka 1831. Ile ya ramu iliendelea hadi tarehe 31 Julai 1970, siku ambayo baadhi ya mabaharia waliipokea kama msiba, wakavaa vitambaa vyeusi mikononi. Sambamba na hayo kuna simulizi la vikosi vya kukamata watu kwa nguvu na kuwapeleka melini. Husemwa kwamba shilingi ya mfalme ilidondoshwa ndani ya kikombe, na aliyeinywa bia mpaka chini akaikuta alihesabiwa kuwa amekwisha kula kiapo. Ndiyo sababu, wanasema, vikombe vya bati vikawekewa kitako cha kioo. Wanahistoria hawaliamini. Vikosi vile vilikuwa na amri ya serikali na marungu, havikuhitaji hila ya kikombe. Lakini ukweli uliomo ndani ya simulizi ni mkubwa kuliko kosa lake: kwa mtu maskini wa pwani ile, baa ilikuwa mahali pa kupotelea.

Kinachomiminwa leo kwenye kaunta za baa hizi nacho kina historia ya kugombaniwa. Waingereza hukiita real ale, na tafsiri iliyo karibu zaidi na maana yake ni bia hai. Shayiri huloweshwa ikachipua na kuwa kimea, hukaushwa, huchemshwa pamoja na hopsi, na chachu ikishafanya kazi yake bia hutiwa pipani ikiwa chachu nyingine ingali hai ndani yake. Haichujwi ikawa kavu ya uhai, haipashwi moto kuua vijidudu, haisukumwi kwa gesi. Pipa hulazwa chini ya ardhi kwenye ubaridi wa nyuzijoto kama 12, na mhudumu huivuta juu kwa pampu ya mkono. Pipa likifunguliwa, siku zake zinahesabika: baada ya siku tatu nne limekwisha utamu. Mtu wa mwambao aliyeona tembo la mnazi likigema asubuhi na kuchacha jioni ataielewa bia hii upesi kuliko mnywaji wa chupa wa Nairobi au Dar es Salaam. Hata yule ambaye kileo ni haramu kwake, na wasomaji wa aina hiyo ni wengi, anaweza kuutambua ufundi wa kushughulika na kitu kilicho hai ambacho hakingoji.

Ili bia hii iwe angavu, machujo ya chachu huzamishwa chini kwa utomvu uliotengenezwa kwa mfuko wa hewa wa samaki. Zamani mfuko huo ulitoka kwa samaki wakubwa wa mito ya Urusi, kisha ukatafutwa kwenye maji ya nchi za joto. Ripoti za uvuvi wa Ziwa Victoria zimetaja usafishaji wa bia na mvinyo miongoni mwa matumizi ya mabondo ya sangara, ijapokuwa soko lake kubwa ni China, ambako huliwa kwa bei inayowashangaza wavuvi wa Mwanza na Kisumu. Wala mboga wa Uingereza waligundua habari ya samaki huyu kwa uchungu, na baadhi ya watengenezaji wameanza kuiuza bia yao ikiwa na ukungu wake.

Kufikia miaka ya 1960 bia hai ilikuwa karibu kutoweka. Makampuni makubwa yalikuwa yamewameza wadogo na kuleta bia iliyochujwa, iliyokaa muda mrefu na kusafiri mbali. Mwaka 1971 Waingereza wanne waliokuwa mapumzikoni Ireland waliunda chama kilichokuja kuitwa Campaign for Real Ale, maarufu kwa jina la CAMRA, kuitetea bia ya zamani. Walifaulu kuliko walivyotarajia, na pampu za mkono zikarudi. Hata hivyo kurudi kwa ladha si kurudi kwa mahali. Bia ya kienyeji ya Portsmouth na vitongoji vyake ilikuwa ya Gale's, kiwanda cha familia kilichokuwa Horndean, maili chache kutoka mjini. Mwishoni mwa 2005 kilinunuliwa na Fuller's ya London; 2006 kikafungwa, na bia yake mashuhuri, HSB, ambayo herufi yake ya kwanza ni ya kijiji chenyewe, ikaanza kupikwa Chiswick. Mwaka 2019 Fuller's nayo ikauza shughuli zake za bia kwa Asahi ya Japani. Baa ilibaki na kibao chake, boriti zake na mandhari yake, na ndani ya bilauri mkawa na biashara ya dunia nzima. Pengine hilo ndilo jambo la kibaharia kuliko yote yaliyomo humo.

Basi kuta hizi zinakumbuka nini? Aghalabu ni Trafalgar ya 1805, ni Normandy ya 1944, ni meli zilizoondoka kwenda Falklands Aprili 1982 huku umati ukipunga mikono kutoka ngomeni, hatua chache kutoka kwenye baa. Kinachokosekana ni kazi ya kila siku ya jeshi lile katika bahari za watu wengine. Manowari London ilitia nanga katika bandari ya Unguja mwaka 1874 na kukaa takriban miaka tisa, ikituma mashua zake kuwinda majahazi yaliyobeba watumwa. Nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba Desemba 1881 katika mapambano na jahazi lililopeperusha bendera ya Kifaransa. Katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe, yako makaburi ya mabaharia wa Kiingereza, na Wazanzibari wamekuwa wakiyatunza au kuyasahau kwa zamu. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima, na inastahili picha yake ukutani.

Ya pili haitundikiki kwa urahisi. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, kiasi cha saa tatu, manowari za Admirali Harry Rawson ziliipiga mizinga kasri la Unguja kumwondoa Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti bila idhini ya Waingereza. Haikutimia saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Meli Glasgow, ambayo Sayyid Barghash aliiagiza Scotland na ikajengwa 1878, ilizama bandarini, na milingoti yake mitatu ikaendelea kuchomoza majini, mbele ya macho ya kila aliyefika forodhani, hadi 1912. Hayo yalikuwa mapambo ya kibaharia pia, ila hayakuwekwa na mwenye nyumba. Vitabu vya mafumbo na maswali vinavyochezewa baa za Uingereza hulikumbuka tukio hilo kwa jambo moja tu, kwamba ni vita vifupi kuliko vyote katika historia, na watu hucheka.

Ndipo historia ilipofanya jambo ambalo mwandishi wa riwaya angekatazwa na mhariri wake. Sayyid Jamshid bin Abdullah alirithi kiti Julai 1963, akapokea uhuru tarehe 10 Desemba, akapinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Alitoroka kwa jahazi la kifalme Seyyid Khalifa. Mombasa hakuruhusiwa kushuka, akaelekea Dar es Salaam, na kutoka huko akasafirishwa kwa ndege hadi Uingereza. Baada ya muda alihamia Southsea, mtaa wa pwani wa Portsmouth, na humo akaishi kwa utulivu katika nyumba isiyokuwa na chochote cha kifalme kwa zaidi ya nusu karne. Sultani wa mwisho wa visiwa vya karafuu alikuwa akiishi mwendo wa miguu kutoka Kisiwa cha Viungo.

Kishawishi cha kumketisha dirishani mwa Still & West, akitazama meli, ni kikubwa, na kinafaa kushindwa. Hakuna sababu ya kumdhania hapo. Kinachojulikana ni kwamba alipofika Uingereza, mwenye baa alikuwa bado na ruhusa ya kumkataa mteja kwa rangi yake. Februari 1965 Malcolm X alikwenda Smethwick, karibu na Birmingham, akaingia katika baa ambayo chumba chake kimoja hakikuwahudumia watu weusi. Sheria ya kukataza ubaguzi katika maeneo ya umma ilipitishwa baadaye mwaka huo huo. Jina kamili la baa kwa Kiingereza maana yake ni nyumba ya umma. Ilichukua amri ya Bunge kueleza umma ni nani. Wazanzibari waliomfuata Sayyid Jamshid, na wengine waliofika kwa njia zao, walijenga nyumba yao ya umma kwa namna waliyoijua: sebule yenye buli la kahawa na haluwa sahanini, na redio iliyonasa sauti ya mbali, wakajadili habari za nyumbani mpaka usiku. Baraza lao halikuwa na nanga ukutani. Palikuwa na kalenda na picha ya Beit al-Ajaib, na mara nyingine ufunguo wa nyumba iliyokwisha taifishwa.

Sayyid Jamshid aliomba mara kadhaa kwenda kuishi Oman, na ruhusa ikapatikana Septemba 2020, alipokuwa anakaribia au ametimiza umri wa miaka 91. Akaondoka Southsea kwenda Muscat, alikofariki tarehe 30 Desemba 2024. Mwezi ule alioondoka ulikuwa wa maradhi ya dunia nzima. Baa za Point, zilizofungwa tangu Machi na kufunguliwa tena Julai, ziliamriwa kutoa wateja wote ifikapo saa nne usiku, na vivuko vya Isle of Wight vikawa vinapita mbele ya mabenchi yasiyo na mtu.