Neno Fedha na Sarafu za Mtambwe Mkuu

Sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili hapa Nengo, mjini Gisenyi, tunaishi karibu na mpaka. Kila siku tunasikia majina mengi ya kitu kimoja: pesa, hela, amafaranga, na kwa wenzetu wa Goma, makuta. Baadhi ya majina haya yalikuja na watawala. Hela ni Heller ya Wajerumani, iliyoanza kutumika mwaka 1904 katika koloni lao la Afrika Mashariki, ambamo Rwanda ilikuwamo. Warundi mpaka leo husema amahera. Faranga nayo ilikuja na Wabelgiji. Ndiyo maana baadhi ya wanafunzi hudhani kuwa kabla ya ukoloni hakukuwa na sarafu iliyotengenezwa huku kwetu. Dhana hii si sahihi, na neno fedha lenyewe linatusaidia kuisahihisha.

Fedha ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kwanza lilitaja madini meupe yenye thamani, kama ifeza ya Kinyarwanda. Maana ya pili ilizaliwa kwa sababu madini hayo yalifuliwa sarafu. Je, Waswahili walizifua wenyewe?

Jibu lilipatikana kisiwani Pemba. Mwaka 1984 wanaakiolojia waliokuwa wakichimba Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, walikuta akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000. Zilikuwa na majina ya watawala wa pwani yetu, akiwemo Ali bin al-Hasan, ambaye jina lake linaonekana pia kwenye sarafu nyingi za shaba za Kilwa.

Sarafu hizo za fedha hazikuandikwa mwaka. Hata hivyo, ndani ya akiba hiyo zilikuwamo dinari chache za dhahabu za Wafatimidi, ambazo huandikwa mwaka, na ya mwisho ni ya mwaka 1066. Ugunduzi huu ulibadilisha historia. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, alikuwa amekadiria kuwa Ali bin al-Hasan alianza kutawala karibu na mwaka 1200. Akiba ya Mtambwe ilimrudisha nyuma hadi karne ya 11. Basi miji yetu ilikuwa na sarafu zake zaidi ya miaka 800 kabla ya hela ya Wajerumani.

Kwa sisi walimu wa lugha kuna jambo jingine la kufurahisha. Maandishi ya sarafu hizo ni ya Kiarabu, na pande zake mbili hukamilishana kwa vina. Upande mmoja hutaja jina la mtawala, al-Hasan. Upande wa pili husema kuwa anamtegemea Mola wa neema, na neno la mwisho ni minan. Kina ni -an pande zote mbili. Aliyeigeuza sarafu mkononi alikuwa amesoma kitu mfano wa ubeti mfupi.

Tunapendekeza basi kwamba somo la maneno ya mkopo lisiishie kwenye orodha ya maneno na asili zake. Mwanafunzi apewe sarafu ya faranga mkononi, aulizwe: nani ameandikwa hapa, kwa lugha gani, na kwa nini? Kisha asimuliwe habari za Mtambwe. Atajua kwamba neno analolitamka sokoni kila siku limebeba historia ndefu kuliko mipaka yetu.