Dakika, Megabaiti na Siri: Tarehe ya Vivinjari Jijini Nairobi

Mtu aliyepanda ngazi za majumba makongwe yaliyo baina ya Moi Avenue na Tom Mboya Street, mnamo miaka ya mwanzo ya karne hii, hakukosa kuikuta saiba katika ghorofa ya kwanza au ya pili: chumba chembamba kilichogawanywa kwa mbao, kompyuta zilizopangwa kandokando ya ukuta, mhudumu aliyeketi mlangoni na daftari lake, na katika pembe ya kila kioo saa ndogo iliyohesabu dakika za mteja kama mwenye duka apimavyo sukari kwa kibaba. Saa ile ndiyo iliyokuwa hakimu wa mambo yote mle ndani, kwani aliyekuja kusoma barua ya ndugu yake aliyeko ng'ambo, au kutafuta nafasi ya masomo, au kutazama matokeo ya mtihani, alijua kwamba kila pumzi aliyoivuta akingoja ukurasa ufunguke ilikuwa na thamani yake kwa shilingi.

Naanza na saa hiyo kwa makusudi, maana watu wengi wanaoulizana ni kivinjari kipi kilicho bora hulijadili jambo hili kama kwamba ni suala la mapenzi tu, mmoja akisifu wepesi wa hiki na mwingine akisifu sura ya kile, ilhali tarehe ya jiji letu yatufunza kwamba watu wa Nairobi walichagua vivinjari vyao kwa hesabu, na kwamba kila bei ya kuingia mtandaoni ilipobadilika, kivinjari kilichopendwa nacho kilibadilika.

Neno lenyewe lastahili kutafakariwa. Mjini wengi husema brauza, lakini wataalamu wa istilahi walipotafuta jina la programu hii ya kufungulia kurasa za intaneti walikirejea kitenzi cha kale cha pwani, kuvinjari, ambacho maana yake ni kuzunguka huku na huko kwa uangalifu, kama chombo kifanyavyo doria baharini. Ni jina lililochaguliwa kwa insafu, kwani lakumbusha kwamba kivinjari ni chombo, na abiria mwenye busara hupanda chombo baada ya kuuliza nauli ni kiasi gani, na nahodha ni nani.

Intaneti kamili ilifika Nairobi mwaka 1995, kwa juhudi za kituo cha African Regional Centre for Computing kilichosaidiwa na fedha za Uingereza, na katika miaka iyo hiyo kampuni ya Africa Online, iliyoanzishwa na vijana watatu Wakenya waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, ikaanza kuwauzia wateja huduma hiyo kwa njia ya simu za waya. Kivinjari kilichotamba duniani wakati huo kilikuwa Netscape Navigator, kilichotolewa Desemba 1994 na kampuni ya Marc Andreessen na Jim Clark. Huyo Andreessen ndiye aliyekuwa miongoni mwa watunzi wa Mosaic katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1993. Fadhila kubwa ya Netscape ilikuwa kwamba haikumngojesha msomaji mpaka picha zote ziwasili: maneno yalijitokeza kwanza, na picha zikafuata taratibu. Huko Marekani sifa hiyo iliwafurahisha watu. Hapa kwetu, ambapo waya wa simu ulikuwa mwembamba na saa ilikuwa ikihesabu, ilikuwa rehema. Fauka ya hayo, mtumiaji aliweza kukiamuru kivinjari kisilete picha kabisa, na waliolipa bili zao wenyewe walijifunza mapema amri hiyo.

Sharti msomaji wa leo aelewe jinsi safari ya ukurasa ilivyokuwa ndefu. Kenya haikuwa na waya wa chini ya bahari wa kupitishia intaneti, hivyo mawasiliano yote ya nje yalipanda angani kwa setilaiti, na tangu mwaka 1998 lango la kimataifa lilikuwa Jambonet, iliyokuwa milki ya shirika la umma la posta na simu. Hata barua pepe iliyoandikwa katika mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili, ikiwa mwandishi na mpokeaji walihudumiwa na kampuni mbili tofauti, ilivuka mabara ndipo irudi. Kampuni za intaneti zilipoungana kuanzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano humu nchini, KIXP, mwishoni mwa mwaka 2000, kilifungwa baada ya majuma machache kwa amri ya tume ya mawasiliano, kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, mrithi wa shirika lile katika huduma za simu, na hakikufunguliwa tena hadi Februari 2002. Katika hali kama hiyo, bei ya saiba, ambayo hapo awali ilifika shilingi kumi na zaidi kwa dakika, haikuweza kushuka kwa haraka. Iliteremka hatua kwa hatua, hata katikati ya mwongo ule tangazo la shilingi moja kwa dakika likawa limebandikwa kwenye milango mingi ya katikati ya jiji.

Katika muda huohuo Netscape ilikuwa imekwisha kushindwa. Microsoft ilitoa Internet Explorer Agosti 1995, ikaitoa bila malipo na kuifungamanisha na mfumo wake wa Windows, na maadam kompyuta zilizoletwa Nairobi, mpya na zilizotumika, karibu zote zilikuwa za Windows, ile alama ya herufi e ya samawati ikawa ndiyo intaneti yenyewe machoni pa watu. Wengi hawakujua kwamba kulikuwa na hiari. Serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft mwaka 1998 kwa kutumia nguvu ya Windows kuwaziba wapinzani. Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru mwaka 2000 kampuni hiyo igawanywe, na mahakama ya rufaa ikaitengua amri ya kuigawanya mwaka uliofuata. Kesi hiyo yatuachia funzo ambalo halijachakaa hata leo, kwamba aghalabu mtu hakichagui kivinjari, bali hukikuta, na aliyekiweka pale ndiye aliyechagua kwa niaba yake.

Uasi wa kwanza dhidi ya mazoea hayo uliletwa na Firefox, iliyotolewa tarehe 9 Novemba 2004 na wakfu wa Mozilla, ambao ulizaliwa katika mabaki ya Netscape. Wanafunzi wa kompyuta katika kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hapo unapoteremka kutoka mjini kuelekea Westlands, waliweza kukisifu kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma. Lakini mteja wa saiba alikuwa na sababu iliyo karibu zaidi na mfuko wake. Firefox ilikuwa na vichupo, yaani kurasa nyingi ndani ya dirisha moja, na mteja mwerevu alifungua kurasa tano kwa mpigo, akasoma wa kwanza huku nne zikiendelea kujipakua nyuma yake, akaigeuza dakika ya kungoja kuwa dakika ya kusoma. Internet Explorer haikuwa na vichupo hadi toleo lake la saba, mwaka 2006. Nayo yale madirisha ya matangazo yaliyojifungua yenyewe, yakala muda wa mteja na kualika virusi, Firefox iliyazuia tangu mwanzo. Namna hii kivinjari cha wapenda uhuru kikawa pia kivinjari cha wabana matumizi, na sioni aibu katika muungano huo.

Hata hivyo, mapinduzi makubwa zaidi hayakupita saibani, yalipita mfukoni. Tarehe 24 Januari 2006 kampuni ya Opera ya Norway ilitandaza duniani kote programu ndogo iitwayo Opera Mini, iliyoweza kufanya kazi katika simu za kawaida zenye Java, zile za vibonye ambazo vijana wa Luthuli Avenue walizijua ndani na nje. Hikima yake ilikuwa katika mgawanyo wa kazi: simu haikuuendea ukurasa yenyewe, bali ilituma ombi kwa seva za Opera ng'ambo, seva hizo zikaupokea ukurasa, zikaukunjakunja na kuupunguza hata kwa asilimia 90, kisha zikautuma kwenye simu ukiwa tayari kusomwa. Simu dhaifu ikapata nguvu za kuazima, na mwenye simu akalipia sehemu ndogo tu ya mzigo.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo liliwagusa watu wa Kangemi na Kawangware kuliko walivyoguswa na kesi za Marekani, yatosha kukumbuka kwamba mtandao wa simu hauuzwi kwa dakika bali kwa megabaiti, na kwamba mwenye kazi ya kibarua hununua kidogo kidogo, kama anunuavyo mafuta ya taa na unga. Kwake yeye kivinjari kinachopunguza ukurasa mara kumi ni sawa na mwenye duka anayemzidishia kibaba mara kumi. Nakumbuka jinsi rafiki alivyomwonyesha mwenziwe, katika matatu ya Waiyaki Way iliyokwama kwenye msongamano, namna ya kuingia katika mipangilio ya Opera Mini na kuona ni data kiasi gani imeokolewa. Aliionyesha ile rakamu kwa fahari ya mtu aonyeshaye akiba yake ya benki. Wala mapenzi hayo hayakuwa ya msimu mmoja, kwani Opera iliendelea kuwa na wafuasi wengi nchini Kenya muda mrefu baada ya kusahauliwa katika nchi tajiri.

Mwaka 2009 bahari ikatufungulia mlango. Waya wa TEAMS ulifika Mombasa mwezi Juni, na ule wa SEACOM ukaanza kazi Julai, na setilaiti ikapoteza enzi yake. Machi 2010 iHub ikafunguliwa katika jengo la Bishop Magua, Ngong Road, na vijana waliounda tovuti na programu wakapata mahali pa kukutana. Kivinjari kilichosadifu zama hizo kilikuwa Chrome ya Google, iliyotolewa Septemba 2008: chepesi, chenye kutenga kila kichupo ili kimoja kikianguka vingine visianguke, na chenye dirisha la faragha lisilotunza kumbukumbu, jambo lililofaa sana katika kompyuta za saiba zinazotumiwa na watu mia. Simu za Android nazo, kuanzia ile Huawei Ideos iliyouzwa mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000, ziliwaondoa wengi kwenye Java, na baada ya muda usio mrefu Chrome ikawa imo ndani ya simu kabla hata hazijatoka katika sanduku. Ile herufi e ya samawati ilirudi katika umbo jingine, maana kwa mara ya pili watu walikikuta kivinjari badala ya kukichagua.

Ukienda Westlands leo utaziona Google na Microsoft zikiwa majirani, Google ikiwa imefungua ofisi yake ya Nairobi mwaka 2007, na Microsoft ikiwa imeanzisha kituo chake cha uundaji wa programu mwaka 2019. Ndani ya vivinjari vyao vilevile ni majirani, kwa kuwa Edge ya Microsoft tangu Januari 2020, na Opera ya kompyuta tangu mwaka 2013, vimejengwa juu ya injini ileile ya Chromium inayoendesha Chrome. Internet Explorer ilistaafishwa Juni 2022. Miezi michache kabla yake Google iliondoa katika Chrome ya simu ile njia ya kupunguza data, ikieleza kwamba bei ya data imeshuka katika nchi nyingi. Huenda imeshuka, lakini anayenunua bando ya siku kwa shilingi 20 bado aijua thamani ya kila megabaiti, na ndiyo maana vivinjari vinavyobana data havijakosa wateja huku kwetu.

Limebaki jambo moja ambalo mwandishi hawezi kulinyamazia. Seva ya Opera Mini iliyoukunja ukurasa ilibidi iufungue kwanza, hata ukurasa uliofungwa kwa usimbaji, kwa hiyo katika hali hiyo ya kubana sana abiria alimwamini nahodha kwa siri zake zote. Google nayo huishi kwa matangazo, na Mozilla kwa miaka mingi imetegemea malipo ya Google ili iwe mtafutaji wa kwanza ndani ya Firefox. Neno bure, kwa hiyo, halikupata kuwa na maana yake kamili katika tarehe hii: tuliacha kulipa kwa dakika tukalipa kwa megabaiti, na sasa twalipa kwa habari za nafsi zetu. Bunge letu limetunga Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nayo ni ngao njema, lakini sheria haimkingi mtu asiyejua kwamba analipa.

Saiba hazijafa. Zilizo karibu na Posta Kuu, ambapo Huduma Centre ilifunguliwa Novemba 2013, zingali zikijaa watu wanaojaziwa fomu za pasipoti, na kila mwisho wa Juni foleni za ushuru hufika ngazini. Yule mhudumu wa mlangoni angali ndiye anayechagua kivinjari kwa niaba ya mteja, na mteja huondoka na karatasi yake asijue neno lake la siri limehifadhiwa humo au la. Namsihi msomaji, kabla hajainuka kitini, amwombe mhudumu afungue dirisha la faragha mwanzoni, na mwishoni ahakikishe kwamba ametoka katika akaunti yake. Ni kazi ya nusu dakika. Zamani, saa ya pembeni ingalimtoza kwa nusu dakika hiyo. Leo haimtozi kitu, na ndiyo itakayomwepusha na gharama kubwa kuliko zote alizowahi kulipa katika ngazi zile.