Kutoka Kipande cha Mfupa hadi Jeli ya Mwani

Mfupa uliovunjika kwa kawaida huunga wenyewe ukifungwa banzi na kutulizwa. Ukipoteza kipande kikubwa kwa ajali, usaha au uvimbe, ncha zake hazifikiani tena, na pengo hilo ndilo lililozua swali la kale la wapasuaji: ni kitu gani hasa kinachozaa mfupa?

Louis Ollier wa Lyon, Ufaransa, alijibu mwaka 1867 kwamba ni utando unaoufunika. William Macewen wa Glasgow, Uskoti, alishikilia kuwa ni mfupa wenyewe. Mwaka 1881 alitangaza jinsi alivyojaza pengo katika mkono wa mtoto, ambaye mfupa wake ulikuwa umeliwa na usaha, kwa vipande alivyovikata alipokuwa akinyoosha matege ya watoto wengine. Mkono uliunga. Baadaye wapasuaji walizoea kuchukua mfupa wa nyonga wa mgonjwa mwenyewe, njia ambayo ingali ikitumika sana, ingawa huacha kidonda cha pili na mfupa wa kuchukua si mwingi.

Jibu jingine lilitoka Moscow. Kuanzia miaka ya 1960, Alexander Friedenstein na wenzake walionyesha kwamba ndani ya uboho zimo seli chache zinazonata kwenye chombo cha maabara, zikazaliana, na zikipandikizwa zikafanya mfupa. Mwaka 1991 Arnold Caplan wa Cleveland, Marekani, alizieneza kwa jina la seli shina za mesenkaima.

Seli peke yake zikidungwa hutawanyika, kwa hiyo zilihitaji kibebeo. Mwaka 2001 madaktari walieleza wagonjwa watatu waliojazwa mapengo makubwa kwa seli za uboho wao zilizopandwa katika kauri yenye vitundu. Kauri, hata hivyo, ni ngumu na lazima ichongwe kwanza. Jeli huingia kwa sindano na kufuata umbo la pengo.

Jeli yenyewe ina historia yake. Mwaka uleule wa 1881, mkemia E. C. C. Stanford alipata hataza ya kutoa alginati katika mwani wa kahawia. Myeyusho wake ukikutana na kalisi huganda. Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Prague walipendekeza jeli zinazofyonza maji zitumike mwilini. Alginati tupu haina mahali pa seli kushika, na mwaka 1999 maabara ya David Mooney, Marekani, iliiunganisha na vipande vifupi vya protini ili zipate pa kujishikiza.

Ndipo ilipobainika kuwa kibebeo si chombo tu. Mwaka 2006 watafiti wa Philadelphia walionyesha kwamba seli shina zilizolazwa juu ya jeli laini huelekea kuwa kama za neva, na juu ya jeli ngumu kama za mfupa. Mwaka 2016 ikaonekana pia kwamba ndani ya jeli inayolegea upesi chini ya mkazo, seli hujenga mfupa vizuri zaidi. Ubishi wa Ollier na Macewen ukapata jibu pana: mfupa huzaliwa na seli, lakini mahali seli inapokaa napo huamua.