Ugumu wa kubadilisha sarafu kuu ya akiba duniani

Sarafu ya akiba ni fedha ya nchi moja ambayo benki kuu za nchi nyingine huitunza kwa wingi ili kulipia bidhaa kutoka nje, kulipa madeni na kulinda thamani ya fedha zao wenyewe. Tangu katikati ya karne ya 20 sarafu kuu ya akiba duniani ni dola ya Marekani. Kabla yake ilikuwa pauni ya Uingereza.

Makala hii inaeleza kwa nini ni vigumu kuiondoa sarafu ya namna hiyo na kuweka nyingine mahali pake. Mfano unaotumika ni wilaya ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa katika mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Huko fedha ya mkononi imebadilishwa mara kadhaa katika muda wa miaka mia moja na ushee, lakini kila mara nyuma yake ilibaki sarafu kubwa ya nje.

Historia ya fedha katika eneo hilo

Wakati wa ukoloni wa Kijerumani fedha ya eneo hilo ilikuwa rupia. Kuanzia mwaka 1890 ilitolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1904 serikali ya koloni ilichukua kazi hiyo, ikaigawa rupia katika heller 100. Rupia 15 zilihesabiwa kuwa sawa na mark 20 za Ujerumani. Kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1898 ilikuwa mojawapo ya sababu zilizowalazimisha watu kutafuta fedha hiyo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki mwaka 1919, yenye makao yake London. Baada ya jaribio fupi la florini, shilingi ya Afrika ya Mashariki ilianzishwa mwaka 1921. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja, na akiba ya bodi iliwekwa hasa katika dhamana za Uingereza. Kwa hiyo wakulima wa tumbaku na kahawa wa Songea na Mbinga, ambao baadhi yao waliuza mazao yao kupitia Chama Kikuu cha Ushirika cha Ngoni-Matengo kilichoanzishwa mwaka 1936, walilipwa kwa shilingi ambayo thamani yake iliamuliwa na pauni.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966 ikatoa shilingi ya Tanzania. Mwanzoni shilingi 20 mpya zilikuwa bado sawa na pauni moja. Uingereza ilipopunguza thamani ya pauni mnamo Novemba 1967, kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40, Tanzania haikufuata. Tangu hapo pauni moja ilikuwa sawa na shilingi 17.14 hivi. Mwaka 1975 shilingi ilifungamanishwa na SDR, yaani kapu la sarafu kadhaa linalosimamiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Katika miaka ya 1990 biashara ya fedha za kigeni ililegezwa, maduka ya kubadilisha fedha yakaruhusiwa, na thamani ya shilingi ikaanza kuamuliwa sokoni.

Historia hii inaonyesha tofauti ya mambo mawili. Serikali inaweza kubadilisha fedha ya mkononi kwa sheria, kwa kuamuru kodi ilipwe kwa fedha mpya. Sarafu ya akiba haibadiliki kwa amri ya nchi moja, kwa sababu inategemea uamuzi wa watu na benki za nchi nyingi.

Kutoka pauni hadi dola

Uchumi wa Marekani uliupita ule wa Uingereza tayari mwishoni mwa karne ya 19. Hata hivyo pauni iliendelea kutumika sana kwa miongo mingi. Mkutano wa Bretton Woods mnamo Julai 1944 uliiweka dola katikati ya mfumo wa fedha wa dunia, ambapo wakia moja ya dhahabu ilikuwa sawa na dola 35. Pauni ilishushwa thamani mwaka 1949 na tena 1967, na eneo la pauni lilikwisha kwa kiasi kikubwa mwaka 1972. Kwa jumla badiliko hilo lilichukua zaidi ya nusu karne, vita viwili vya dunia na kuvunjika kwa himaya ya Uingereza.

Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Richard Nixon alisimamisha ubadilishaji wa dola kwa dhahabu. Wengi walitazamia kwamba dola ingepoteza nafasi yake, lakini haikutokea. Mwaka 1999, euro ilipoanzishwa, dola ilikuwa takriban asilimia 71 ya akiba za benki kuu ambazo sarafu zake zinajulikana. Mwaka 2024 ilikuwa takriban asilimia 58. Euro ilikuwa na asilimia 20 hivi, na yuan ya China asilimia 2 hivi.

Sababu za ugumu

Wingi wa watumiaji. Watu huikubali dola kwa sababu wanajua kwamba wengine wataikubali. Kandokando ya Ziwa Nyasa zinakutana nchi tatu zenye fedha tatu: shilingi ya Tanzania, kwacha ya Malawi na metikali ya Msumbiji. Watu wa vijijini wanaweza kubadilishana fedha hizo kwa kiasi kidogo, lakini mfanyabiashara mkubwa hapati kwa urahisi soko la shilingi kwa kwacha, na kwa kawaida hesabu hupitia dola. Sarafu 20 zikibadilishwa moja kwa moja zinahitaji masoko 190. Zikipitia sarafu moja kati yao, masoko 19 yanatosha.

Bei za bidhaa. Kahawa ya Mbinga ni ya aina ya arabika. Bei ya rejea ya arabika duniani hupangwa katika soko la New York kwa senti za Marekani kwa kila ratili. Kwa miaka mingi minada ya kahawa ya Tanzania imetaja bei kwa dola kwa mfuko wa kilo 50. Mkulima akitaka kuuza kwa sarafu nyingine, mnunuzi bado atalinganisha na bei ya New York.

Mahali pa kuweka akiba. Benki kuu haitunzi noti ghalani. Hununua hasa dhamana za serikali zinazoweza kuuzwa haraka bila hasara kubwa. Soko la dhamana za Marekani ni kubwa kuliko lolote lingine. Nchi za euro hutoa dhamana zake kila moja kivyake. China nayo inazuia kwa kiasi fulani fedha kuingia na kutoka nchini.

Mzigo wa nchi yenye sarafu. Ili dunia ipate sarafu ya kutosha, nchi inayoitoa inapaswa kuruhusu fedha yake itoke, mara nyingi kwa kununua nje zaidi ya inavyouza. Mwanauchumi Robert Triffin alieleza mwaka 1960 kwamba jambo hilo hatimaye hupunguza imani katika sarafu yenyewe. Nchi zinazotegemea kuuza zaidi nje haziko tayari kubeba mzigo huo.

Madeni. Takriban theluthi mbili ya deni la nje la Tanzania ni kwa dola. Nchi inayodaiwa dola inahitaji dola hata ikiuza bidhaa kwa fedha nyingine.

Hasara ya anayeondoka. Nchi yenye akiba kubwa ya dola ikianza kuiuza kwa wingi hushusha thamani ya akiba inayobaki mikononi mwake.

Athari kwa wakazi wa Ruvuma

Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa sawa na shilingi 2,300 hivi. Katika miezi iliyofuata dola ziliadimika nchini, na katika mwaka 2024 bei yake ilifikia takriban shilingi 2,700. Kwa mfano, mfuko wa kahawa wenye bei ya dola 200 ungeleta shilingi 460,000 kwa kiwango cha kwanza na 540,000 kwa kiwango cha pili, bila bei ya dunia kubadilika. Lakini mafuta na sehemu kubwa ya mbolea hutoka nje na hulipiwa kwa dola. Kwa hiyo faida ya mkulima inaweza kumezwa na gharama za msimu unaofuata. Mvuvi wa dagaa wa Mbamba Bay au Liuli anayeuza kwa shilingi hapati nyongeza hiyo, ila bei ya petroli ya injini ya mtumbwi wake hupanda.

Ng'ambo ya ziwa, Malawi ilipunguza thamani ya kwacha mnamo Novemba 2023 hivi kwamba bei ya dola kwa kwacha ilipanda kwa asilimia 44 hivi, hasa kwa sababu ya uhaba wa fedha za kigeni.

Juhudi za kupunguza utegemezi

Tanzania imeanza kuongeza dhahabu katika akiba yake. Tangu mwaka 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya Benki Kuu. Kanuni zilizotangazwa mnamo Machi 2025 zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma ndani ya nchi. Kanuni hizo zinalinda nafasi ya shilingi nyumbani. Hazibadilishi sarafu inayotumika kununua mafuta nje.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitia saini itifaki ya umoja wa fedha tarehe 30 Novemba 2013. Lengo la kuwa na sarafu moja mwaka 2024 halikufikiwa, likasogezwa hadi 2031. Sarafu ya pamoja ingerahisisha biashara kati ya wanachama, lakini Malawi na Msumbiji haziko katika jumuiya hiyo, hivyo biashara ya Ziwa Nyasa ingebaki na fedha tatu.

Baada ya nchi za Magharibi kuzuia akiba za Urusi mwaka 2022, nchi kadhaa zimetafuta njia za kulipana bila dola. Hata hivyo zuio hilo lilihusu pia euro, pauni na yen. Kwa sababu hiyo baadhi ya benki kuu zimeelekea zaidi kwenye dhahabu kuliko kwenye sarafu nyingine, na badiliko linaendelea polepole.

Tazama pia

Shilingi ya Tanzania
Benki Kuu ya Tanzania
Wilaya ya Mbinga
Wilaya ya Nyasa
Ziwa Nyasa