Umeme wa Katanga: nani alikuwa wa kwanza kwenye mstari?



Hapa Lubumbashi mtoto anajua neno "delestaji" mbele ya kujua kuandika jina lake. Wiki hii kura iko mchana, wiki ijayo iko usiku tu (nasema ile kura ya kuwasha taa, si ile ya uchaguzi). Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba, kila mtaa uko na zamu yake, na kuna mahali ambapo watu wanahesabu siku umeme uliwaka, kwa sababu ndizo chache.

Ukiuliza sababu, kila mtu ana yake. Mvua ni kidogo. Kabini imechoka. Mashine ni za zamani. Wakubwa wanakula pesa. Sikatai hata moja. Lakini siye tuliosoma historia tunapaswa kuuliza swali linalotangulia hayo yote: umeme huu ulijengwa kwa ajili ya nani? Jibu langu ni hili: ulijengwa kwa ajili ya shaba. Nyumba ya mtu ilikuja nyuma kwenye mstari, na mpaka leo haijasogea sana. Nitaeleza hatua kwa hatua.

Shaba na mto Lufira

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Tanuru lilikula makaa ya mawe, na makaa hayo mengi yalitoka mbali, Wankie, katika Rhodesia ya Kusini (leo Hwange, Zimbabwe), yakisafiri kwa treni. Yalikuwa mzigo mkubwa kwa kampuni.

Kisha ikaja njia mpya ya kusafisha shaba: elektrolisi. Madini yanayeyushwa katika asidi, umeme unapitishwa ndani ya beseni, na shaba inajishika yenyewe kwenye bamba. Kiwanda cha Shituru, kule Jadotville (Likasi ya leo), kilianza kazi hiyo mwaka 1929. Kiwanda cha namna hiyo hakipendi mchezo: kinataka umeme mwingi, mchana na usiku, bila kukatika.

Njo maana mwaka uliofuata, 1930, kituo cha Mwadingusha kikaanza kuzunguka kwenye maporomoko ya Cornet, mto Lufira. Bwawa lake lilifunika bonde zima, likazaa ziwa la Tshangalele, ambako samaki wengi tunaokula wanatoka. Koni ikafuata mwaka 1950, chini kidogo kwenye mto uleule. Miaka ya 1950 vikajengwa vituo vikubwa viwili kwenye mto Lualaba: Nzilo na Nseke. Vituo hivi vinne kwa jumla vilifikia karibu megawati 470, na nusu na zaidi ilikuwa ya Nseke peke yake.

Angalia majina yake ya zamani. Mwadingusha iliitwa Francqui, Koni iliitwa Bia, Nzilo ni Delcommune, Nseke ni Le Marinel. Hao wote wanne waliongoza misafara iliyokuja Katanga kati ya 1890 na 1893, wakati wa siku za mwisho za Mwami Msiri na baada ya kuuawa kwake. Hata Cornet wa maporomoko ni mtaalamu wa mawe aliyekuja na msafara wa Bia na Francqui. Waliokuja kutafuta mali ya ardhi ndio walioandikwa kwenye mashine za kuitoa.

Na umeme ulipozidi, ulienda wapi? Katikati ya miaka ya 1950, laini kubwa ilivuka mpaka na kupeleka umeme wa Nseke kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, mbele ya bwawa la Kariba kuanza kazi. Wakati huo vijiji vya kando ya Lualaba vilikuwa kwenye kuni. Mgodi wa inchi ingine ulipata taa mbele ya jirani wa bwawa.

Inga: laini inayopita juu

Tulipata uhuru mwaka 1960, na siku chache baadaye Katanga ikajitenga mpaka 1963. Kinshasa haikusahau jambo hilo. SNEL iliundwa mwaka 1970. Inga I ilizinduliwa mwaka 1972 ikiwa na megawati 351, na Inga II ikafuata mwaka 1982 ikiwa na megawati 1424.

Katikati ya miradi hiyo ilijengwa laini ya ajabu: kutoka Inga, karibu na bahari, mpaka Kolwezi, kilomita 1700 na zaidi. Kwa nini uvute umeme mbali hivyo kwenda jimbo ambalo liko na Lufira na Lualaba? Serikali ilisema uzalishaji wa shaba utaongezeka sana. Lakini wanahistoria wengi wanaona na sababu ya siasa: aliye na swichi ya migodi mkononi, amelishika jimbo. Vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vilipiga wakati laini bado inajengwa. Ilipomalizika mwaka 1982, bei ya shaba ilikuwa imeanguka, na deni lake likabaki mgongoni mwa taifa.

Kuna jambo la ufundi ambalo kila mmoja wetu alijue. Laini ile inabeba umeme wa mkondo mnyoofu, volti elfu 500. Huwezi kuchomeka waya katikati ya njia na kuwasha kijiji. Unahitaji kituo kikubwa cha kugeuza umeme, na vituo hivyo vilijengwa mwanzoni na mwishoni tu: Inga na Kolwezi. Katikati, mkulima wa Kasai analima shamba chini ya nyaya zile, na jioni anawasha kitaa ya mafuta. Kwa miaka mingi SNEL ililia kwamba watu wanafungua vyuma vya nguzo na kuvichukua. Wizi ni wizi, sitetei. Lakini fikiria: kwa watu wale, chuma njo faida pekee iliyowahi kushuka kutoka laini ile.

Gécamines inaanguka, resho inapanda

Babu yangu aliishi kambi ya wafanyakazi Likasi. Kwake umeme ulikuja pamoja na kazi, sawasawa na nyumba, shule, hospitali na mgao wa unga. Hakuna aliyeuliza zamu. Nyumba ilikuwa imeshikwa mkono na kiwanda: kiwanda kikiwaka, nayo inawaka.

Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1991 na 1993 miji yetu iliporwa. Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani elfu 400 za shaba kwa mwaka, ilishuka chini ya tani elfu 50. Mishahara ikapotea. Viwanda vikapunguza mahitaji yao, na katika nyumba nyingi mama zetu wakazoea kupika kwa resho. Mitaa ikakua, waya zikaongezwa juu ya waya, na kabini iliyowekwa kwa nyumba chache ikabeba mtaa mzima. Tulikuwa na njaa, lakini taa ilikuwa inajaribu.

Kisha mambo yakageuka. Kodi mpya ya madini ilitoka mwaka 2002, bei ya shaba ikapanda, makampuni yakaja. Mwaka 2014 inchi yetu ilipita tani milioni 1, na mwaka 2022 ilipita tani milioni 2. Kila tani ya elektrolisi inaomba umeme. Mito ni ileile, na vituo karibu vyote ni vilevile. Mtaa uliozoea resho ukajikuta mezani pamoja na mgeni mwenye mkono mrefu.

Mezani leo

Mwadingusha ilitengenezwa upya, na mwaka 2021 ikawa na megawati 78. Pesa za kazi hiyo zilitoka kwa wawekezaji wa mgodi wa Kamoa-Kakula, na mgodi huo ukapata umeme kwa makubaliano na SNEL. Hakuna siri hapo: aliyelipa turbini anataka kupewa kwanza. Makampuni mengine yananunua umeme Zambia. Barabara ya umeme iliyokwenda kusini miaka ya 1950 sasa inarudi kaskazini. Na mwaka 2024, ukame ulipokausha Kariba na Zambia yenyewe ikaingia gizani, tuliona jinsi barabara hiyo ilivyo dhaifu.

Na nyumba? Kwetu, mama alikuwa analala na sikio moja wazi. Saa saba za usiku unasikia: "Lamukeni, kura ilisharudia!" Mmoja anaweka maharagi kwenye resho, mwingine anapiga pasi uniforme za wiki nzima, mwingine anajaza mabido kwa sababu pompi nayo inangojea umeme. Mimi nilikuwa nafungua vitabu. Saa kumi na moja giza, na saa moja lazima uwe darasani. Ukihesabu vizuri, familia inalipa mara tatu. Inalipa umeme. Inalipa makala kwa siku umeme haupo. Na kabini ikiungua, wazee wa avenue wanapita mlango kwa mlango kukusanya pesa ya kuitengeneza.

Makala hayo si ya bure kwa mtu yeyote. Angalia baiskeli zinazoingia mjini asubuhi, magunia yamepita kichwa cha anayesukuma. Mwaka kwa mwaka wachomaji wanaenda mbali zaidi kutafuta miti, kwa sababu pori la miombo karibu na mji limekwisha. Kila saa ya delestaji inakatwa pia kule porini.

Historia hii itusaidie nini?

Ikiwa umeme ulijengwa kwa mkataba, basi nafasi ya nyumba nayo inaweza kuandikwa katika mkataba. Hapo wahitimu tuna kazi, na mlango uko wazi katika sheria mbili. Sheria ya umeme ya Juni 2014 ilifungua sekta, hivi kwamba kampuni nyingine zinaweza kuzalisha na kuuza umeme, hata kwa mtaa au kijiji. Na kodi ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba kusaini hati ya majukumu na wenyeji wa eneo lake, na kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo yao.

Mara nyingi hati hizo zinajadiliwa mbele ya machifu na wazee ambao hawakupewa hesabu. Wanaahidiwa paa la shule, pompi moja, mipira ya vijana. Ni vizuri, lakini umeme unaopita juu ya vichwa vyao hautajwi. Kama kwenu ni Kolwezi, Fungurume, Likasi au Kipushi, uliza hati ya eneo lenu iko wapi, isome, na mkutano ukiitwa uketi karibu na wazee wako. Swali la kuwapa ni moja: katika megawati mnazozitumia hapa, ngapi zitashuka mpaka nyumbani kwetu, na mwaka gani? Mwaka 1930 hakuna aliyewauliza Union Minière. Safari hii jibu liandikwe kwa tarakimu, na wazee wapewe kopi.